Utaivaa Wapi?

Mke wangu anasema swali langu linatufukuzia wateja. Mtu anaingia kwenye fremu yetu ya ushonaji hapa Majengo, Dodoma, mkononi ana suti aliyoinunua juzi, anataka nipunguze mikono na nibane kiuno, na mimi kabla sijashika futi nimeshamuuliza: utaivaa wapi? Wengine wanacheka. Wengine wananuna, kana kwamba nimewaambia hawana pa kwenda. Mama mmoja wa Area D alinijibu, "Kwani fundi siku hizi umekuwa askari?" Nikamwambia hapana, mama yangu, ila suti ya kukaa nayo ofisini kutwa siikati sawa na suti ya kupigia picha. Ya kukaa naiachia nafasi mgongoni na mapajani. Ya picha naibana mpaka mwenyewe apumue kwa adabu.

Ipo sababu nyingine ambayo mteja simwambii. Nimekaa nyuma ya cherehani muda wa kutosha kujua kwamba watu wengi rangi wanaipatia na saizi wanaipatia. Kinachowaponyoka ni wiki yao. Chukua mtu ambaye Jumatatu hadi Ijumaa yuko dukani kwake Sabasaba, Jumamosi yuko kiwanjani Nzuguni anahesabu tofali, Jumapili kanisani, na katikati ya mwezi kuna msiba. Hiyo ndiyo wiki yake, na ni wiki nzuri. Sasa fungua kabati lake. Utakuta nguo za mtu mwingine kabisa: mtu anayealikwa tafrija hotelini kila Ijumaa, anayepokelewa uwanja wa ndege, anayekaa kwenye viti vya mbele. Nguo za kutokea zimejaa mpaka mlango haufungi. Za kushindia, ambazo ndizo anazoishi nazo, ni fulana ya kampeni za uchaguzi na bukta iliyolegea mpira.

Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Anayebisha aje nami Msalato Jumamosi asubuhi, mnadani, kabla moshi wa nyama choma haujatanda. Marobota ya mtumba yakikatwa, wale wa kwanza kuchagua wanarukia jinzi na mashati. Mimi huwa nasubiri wapungue, halafu natafuta nguo zenye lebo ya dukani ambayo bado inaning'inia. Kwenye robota hazikosekani. Bei imeandikwa kwa euro au pauni, uzi wa plastiki haujakatwa, kifungo cha akiba kimo kwenye kimfuko chake. Mtu fulani huko Ulaya alitoa fedha zake, akaipeleka nguo nyumbani, akaitundika, na maisha aliyoinunulia hayakuja. Akaitoa. Ikachambuliwa, ikagandamizwa, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikapanda lori mpaka huku, na sasa inasukumwasukumwa kwenye turubai Msalato. Nimeshika suruali za kupandia farasi. Nimeshika mashati ya gofu, magauni ya mahafali yenye shanga zisizokosa hata moja, na fulana za mbio za marathoni ambazo ukizikagua kwapani unajua hakuna aliyekimbia nazo.

Nikiona lebo hizo nafurahi kidogo, sitaficha. Tunadhani wenzetu wenye fedha wanajua kununua.

Halafu tazama nani anaondoka na lile koti la kuchezea kwenye theluji, lile nene lililojazwa manyoya, lenye mifuko ya zipu na kofia. Bodaboda. Na mlinzi wa usiku. Mgeni akiwaona anadhani ni ushamba, jiji la jua kali watu wanavaa makoti ya Uswisi. Ila Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku nyuzijoto zinashuka mpaka 14 au 13, na upepo juu yake. Kaa kwenye pikipiki saa kumi na moja alfajiri unampeleka abiria stendi ndipo utajua lile koti ni la nini. Bodaboda yule hakununua ndoto. Alipapasa kitambaa, akajaribu zipu, akaangalia kama mikono inafika kwenye vishikio vya pikipiki, akalipa. Nguo iliyokosa kazi kule imepata kazi hapa, tena zamu ya usiku.

Nami ninalo koti la sufu, la Ulaya, linafika magotini. Nililipata hapohapo mnadani kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Siku ya kwanza majirani waliniita balozi. Nimelibadilisha bitana tu na kuhamisha vifungo, na kila Julai ndilo ninalolivaa alfajiri kwenda kuchagua mzigo. Ubalozi wenyewe ndio huo.

Watu huniuliza kama fundi anaweza kweli kuipenda mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondoke kufikia 2019, hapa Majengo mafundi tuligawanyika mezani kwa chai. Walioshona nguo mpya walishangilia. Sisi ambao nusu ya kazi yetu ni kupunguza na kurekebisha tulinyamaza. Baadaye Marekani ikaja juu kwa habari ya AGOA, mpango wake wa nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, Tanzania ikiwemo, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mimi nikaendelea kupunguza suruali.

Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Julai, ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli. Septemba Waziri Mkuu akawa ameshahamia, na wizara zikafuata. Wakaja wateja ambao sikuwahi kuwa nao, na walikuja na nguo za Dar. Nguo nzuri, zimeshonwa na mafundi wanaojua kazi, lakini zimeshonwa kwa ajili ya hewa ya bahari: vitambaa vyepesi vinavyopepea, migongo wazi, viatu vya kuchuchumia, rangi nyeupe na krimu. Joto la Dar ni la jasho. La kwetu ni kavu, linakausha midomo, na Agosti na Septemba upepo unavuma hapa kwa namna ambayo sketi pana nyepesi haifai kuvuka nayo barabara. Nilipata kazi nyingi miezi ile ya kuongeza upindo. Upindo mpana, uliokunjwa mara mbili, unaipa sketi uzito. Ndani unaweka bitana ili isigande mwilini. Hakuna anayeona tofauti isipokuwa mwenye sketi akifika karibu na Nyerere Square.

Nyeupe ni somo peke yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani mwaka mzima hazizidi sana milimita 570. Miezi iliyobaki ni vumbi, na vumbi lenyewe jekundu. Juu ya hapo maji mengi ya huku ni ya visima, na visima vingi vina chumvi: sabuni inagoma kutoa povu, shati linakauka gumu, na baada ya kufuliwa mara kadhaa nyeupe inageuka kuwa rangi ambayo haina jina dukani. Kwa hiyo mtu akiniletea kitambaa cheupe nashona, ila namuuliza nani anafua. Akisema anafua mwenyewe, namshauri kahawia, kijivu au rangi ya damu ya mzee. Akisema ana dada wa kazi, namshauri vilevile, kwa kumhurumia dada.

Wateja hawa wa serikali wananifundisha mpaka leo. Wengi wana maisha mawili. Jumatatu hadi Ijumaa wako ofisini Mji wa Serikali, kule Mtumba (Mtumba mahali, si nguo), na Ijumaa jioni wako njiani kwenda Dar kwa familia. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma, Julai 2024, safari hiyo imekuwa nyepesi. Ukiangalia nguo wanazoniletea, karibu zote ni za Jumamosi ya Dar. Hizo siku tano za Dodoma wanazivalia nguo mbilimbili zinazopokezana, wakizichukia. Dada mmoja mhasibu alikuwa ananunua gauni jipya kila mshahara, la pwani, na kazini anaonekana na sketi ileile nyeusi iliyong'aa makalioni kwa kukaliwa. Nilimwambia, dada yangu, Jumamosi zako ni nne kwa mwezi. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaniachia kitambaa cha sketi mbili. Bado gauni za pwani ananunua, na sina neno, mshahara ni wake.

Sasa ngoja niseme habari ya Kaunda suti, maana ndiyo nguo ninayoiheshimu kuliko zote na vijana wananicheka nayo.

Baba yangu alikuwa karani. Makao makuu yalipoamuliwa kuhamia Dodoma, mwaka 1973, mji ulichukulia kwamba serikali inakuja keshokutwa. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ramani zikachorwa, barabara zikapimwa. Baba naye akapeleka kitambaa cha tetroni cha kijivu kwa fundi, akashonewa Kaunda suti ya kupokelea serikali. Serikali haikuja. Baba hakuitundika kuisubiri. Aliivaa ubatizo wetu sote, Krismasi, vikao vya shule, mazishi, kwenda Mpwapwa kudai deni, kwenda Hombolo kuangalia mizabibu ya shemeji yake. Bunge lilipoanza kufanyia mikutano yake hapa, mwaka 1996, suti ilikuwa na kola iliyogeuzwa upande wa pili na kiraka cha ndani kwenye goti. Serikali yenyewe ilipotimia, suti ilikuwa imeshakuwa tambara la kufutia mafuta kwenye cherehani yangu. Sijawahi kushona nguo iliyoishi hivyo.

Mji wenyewe ulikuwa umevaa kwa ajili ya wageni wasiokuja, miaka arobaini na zaidi, na barabara pana ambazo mbuzi ndio walizitumia. Watu waliudharau kwa hilo. Wageni wamefika na barabara zimejaa, kwa hiyo wakati mwingine unaweza kununua mapema na usiwe mjinga. Ila mji hauongezeki kiuno ukisubiri.

Kaunda suti ina nini? Ina mikono mifupi, kwa hiyo hufi joto saa nane mchana. Haitaki tai. Koti linakaa nje ya suruali, linafunika tumbo bila kulificha kwa hila. Mifuko minne: miwani, kalamu, simu, vitambulisho. Ukitoka ofisini unaingia shambani, ukitoka shambani unakaa meza kuu ya harusi, na popote hapo hujapungukiwa wala hujazidisha. Ule Waraka wa Utumishi Namba 3 wa mwaka 2007 unaohusu mavazi ya watumishi wa umma, watumishi huja nao hapa kwenye simu wakitaka nisome kama mshono wao unaruhusiwa. Kwa mwenye Kaunda suti sijawahi kuhitaji kuufungua. Vijana wanasema ni ya wazee. Wanataka suruali ya kubana, kitambaa cha kuvutika, koti linaloishia juu ya kiuno. Sawa, nashona. Halafu kijana huyohuyo hana gari, anapanda pikipiki kwenda kazini, na kila anaporusha mguu mshono wa nyuma unalia. Jumatatu ni siku yangu ya kushona mishono ya nyuma. Nimeanza kuipiga mara tatu bila kuulizwa, na pale kati naweka kipande cha ziada. Hawajui kwa nini suruali zangu hazichaniki, wanadhani ni uzi.

Miili nayo ni habari nyingine. Nina daftari la vipimo, la jalada gumu, kifua, kiuno, hipsi, bega, urefu, kwa mwaka na jina. Mtu akija namfungulia ukurasa wake. Ndipo utasikia, "Fundi, shona kwa kile kipimo cha mwaka juzi." Kwa nini? "Nitapungua." Maharusi ndio hodari wa hili. Nguo ya send-off imebakiza wiki tatu na bibi harusi anataka nikate kwa mwili ambao hajafika. Siku za mwanzo nilikuwa nabishana. Sasa nasema ndiyo, nakata, na kila upande wa mshono naacha inchi moja na nusu ya kitambaa kimejificha ndani. Wiki ya mwisho anakuja kujaribu, zipu inasimama katikati ya mgongo, macho yanajaa maji, shangazi yake ananitazama mimi kana kwamba nimemlisha. Naichukua nguo, naingia nyuma ya pazia, nafumua, naachia, napiga pasi. Dakika arobaini. Anaondoka ameshukuru Mungu. Gharama ya ile inchi na nusu nilishaiweka kwenye bei tangu mwanzo.

Lakini mtu anayenunua nguo ya mwili wake wa zamani mtumbani, iliyokatwa tayari, huyo simwezi. Ndani ya nguo za viwandani hakuna kitambaa cha kuachia. Wanakata kwa kubana, kila sentimita ni fedha. Ukiona mshono wa ndani ni mwembamba kuliko kidole, hiyo nguo ndivyo ilivyo, haitakua na wewe. Geuza nguo ndani-nje kabla hujalipa. Hilo wateja wangu wote nawaambia bure, na wengi hawageuzi, kwa sababu wanaponunua wanaangalia upande unaoangaliwa na watu.

Nimeulizwa na mdogo wangu, ambaye ni nesi na anaishi kwa sare, kama basi nataka watu wavae kaki tu mpaka wafe. Sitaki. Mtu asiye na nguo hata moja iliyozidi maisha yake kidogo, naye namwona kama amekata tamaa mapema. Tatizo langu ni kabati zima la namna hiyo. Moja, sawa. Na hiyo moja uwe na jibu nikikuuliza.

Kuna mwalimu mstaafu wa Chamwino ambaye aliniletea gauni la hariri, kijani kibichi, la mtumba lakini hariri ya kweli. Nilichoma uzi mmoja kuhakikisha. Mabega mapana, urefu unaburuza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamuuliza swali langu. Sikutegemea jibu. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mjane, na gauni la aina ile kwa kawaida huvaliwa na watu wanaoshuka kwenye magari meusi.

"Nyumbani kwangu," akasema. "Jumapili saa kumi, nikishamaliza kuswaga kuku. Nakaa barazani, nakunywa chai, nasikiliza redio. Kwani we fundi ulidhani wapi?"

Nilikosa la kuongeza. Siku anayo, saa anayo, kiti anacho. Nikauliza tu kama baraza ni ya saruji au ya udongo, kwa sababu ya urefu. Ni ya saruji, ila kuna ngazi mbili, kwa hiyo nikapandisha vidole vitatu kutoka chini. Kazi yote shilingi 15,000, akasema yeye mstaafu, tukaishia 10,000. Alipokuwa anatoka akarudi, anataka mfuko. Hariri na mfuko havipatani. Uzito unavuta kitambaa, upande mmoja unalala. Nikamweleza. Akasema redio yake ni ya kwenye simu, na simu haiwezi kukaa chini kwenye baraza, kuku wanarudi. Basi nikatengeneza mfuko wa bitana ulioning'inizwa kwenye mshono wa kiuno kwa mkanda wa ndani, ili uzito ubebwe na kiuno na hariri isiguswe. Ilinichukua jioni nzima, na mke wangu anadai nilitakiwa kurudi kwenye 15,000.